Kuhamia hita isiyo na tanki: pima kwanza nyumbani kwako ndo uamue

Bili ya umeme ikipanda, au tanki la zamani likianza kuvuja pale chini kwenye mshono, watu wengi wanawaza kitu kimoja: si ningoe hili dude niweke ile hita ya papo hapo inayopasha maji yakiwa yanapita? Jibu la "inategemea" halimsaidii mtu, kwa hiyo hapa nakupa vipimo vya kufanya we mwenyewe kabla hujatoa hela yoyote, ukimaliza utakuwa na namba zako kwenye karatasi na hakuna muuzaji wala fundi atakaekupeleka anakotaka yeye. Tafuta ndoo ya lita 10, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, kipimajoto cha maji (hata cha jikoni kinatosha), kalamu na karatasi.

Hatua ya 1: jua tanki lako linapoteza kiasi gani

Naanza na hii makusudi maana hapa ndo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Unaambiwa hita isiyo na tanki inaokoa umeme, sawa, ila inaokoa umeme upi? Kupasha lita moja ya maji kutoka digrii 20 hadi 40 kunataka nishati ileile, iwe kwenye tanki au kwenye bomba, na hita zote mbili za umeme zinageuza karibu umeme wote kuwa joto. Tofauti yao ni moja tu: tanki linapoa likiwa limekaa, alafu linawaka tena kurudisha joto lililotoka, na mchezo huo unaendelea usiku na mchana hata kama hakuna anaeoga. Hilo joto linalotoka bure ndo faida yako yote ukihama kutoka umeme kwenda umeme. Hakuna faida nyingine iliyojificha kwenye bili.

Sasa lipime. Usiku wakati wote wameshaoga acha tanki lipashe hadi taa yake izime yenyewe, zima swichi ya hita, waambie watu wasifungue maji ya moto hadi asubuhi. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kugusa bomba, washa swichi na uhesabu dakika ambazo taa inakaa imewaka. Tuseme imekaa dakika 20 na koili yako ni ya kilowati 1.5 (imeandikwa kwenye kibandiko cha tanki), basi umepoteza nusu yuniti (yuniti 1 ni kilowati 1 ikiwaka saa nzima) kwa saa 8 za usiku, yani yuniti 1.5 kwa siku nzima, kama yuniti 45 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa we. Sio kipimo cha maabara, thamosteti (kile kifaa kinachowasha na kuzima hita kulingana na joto) ina kuchelewa kwake kidogo, rudia usiku mwingine ujiridhishe, lakini kinakutosha kuamua.

Alafu jiulize kwa ukweli: hilo tanki linakaa limewashwa siku nzima au mnawasha saa moja kabla ya kuoga mnazima? Kama mnawasha na kuzima, hasara yenu tayari ni ndogo na hita mpya itakuokolea kidogo sana, pengine isirudishe hata gharama ya waya. Idara ya Nishati ya Marekani inasema nyumba inayotumia maji ya moto kidogo, galoni 41 kwa siku kushuka chini (kama lita 155), hita isiyo na tanki inaweza kuwa na ufanisi zaidi kwa asilimia 24 hadi 34 kuliko tanki la kawaida, ila nyumba inayotumia mengi, kama galoni 86 (lita 325), faida inashuka hadi asilimia 8 hadi 14. Ndo hivo, kadiri mnavyooga wengi ndivyo kuhama kunavyolipa kidogo, kinyume kabisa na wanachodhani watu. Na kuna jambo mi naliona halisemwi: maji yasiyoisha yanafanya watu wakae bafuni muda mrefu zaidi, hasa vijana, na hapo akiba yote inaondoka na maji.

Hatua ya 2: pima maji yanayotoka na joto lake

Weka ndoo chini ya shawa, fungua kama unavyofungua ukioga, hesabu sekunde hadi lita 10 zijae. Gawanya 600 kwa hizo sekunde, unapata lita kwa dakika. Ndoo ikijaa kwa sekunde 75 una lita 8 kwa dakika. Fanya hivo kwa kila shawa na kwa bomba la jikoni, maana mabomba ya nyumba moja yanatofautiana sana.

Sasa pima joto la maji ya baridi yanayoingia. Acha bomba litiririke dakika moja au mbili ndo uweke kipimajoto, vinginevyo utapima maji yaliyolala kwenye bomba lililopigwa na jua. Na pima asubuhi ya msimu wa baridi, hili nasisitiza, kwa sababu hita inayotosha wakati wa joto inaweza kukuangusha kabisa maji yakishuka digrii 10. Kama sasa hivi ni msimu wa joto na hutaki kusubiri, toa digrii kadhaa kwenye kipimo chako na usiwe mchoyo kwenye hilo.

Watu wengi wanaoga vizuri kwenye digrii 38 hadi 40. Chukua 40 toa joto la maji yanayoingia, hiyo ndo tofauti unayotaka kupandisha. Alafu hesabu hii hapa, iandike ukutani ukitaka:

lita kwa dakika × digrii za kupandisha × 0.07 = kilowati unazohitaji

Mfano maji yanaingia na digrii 25, unataka 40, shawa inatoa lita 6: 6 × 15 × 0.07 ni kilowati 6.3. Hiyo ni hita ndogo ya umeme, inawezekana. Sasa maji yakiingia na digrii 12 kwa shawa ileile, tofauti ni 28, unahitaji karibu kilowati 12. Umeona? Shawa ileile, mtu yuleyule, umeme mara mbili. Ukitaka shawa 2 za lita 8 zifunguliwe pamoja kwenye hayo maji ya digrii 12 unafika kilowati 31, na hapo umeme wa kawaida wa fezi moja sahau kabisa.

Ukigeuza hesabu unapata ukweli wa zile hita ndogo za shawa za kilowati 5.5. Kwenye maji ya digrii 25 inakupa lita 5 na kidogo kwa dakika, unaoga freshi. Kwenye maji ya digrii 12 inakupa lita 2.8 tu, uzi mwembamba wa maji unaokimbizana nao bafuni. Hita sio mbovu, ndo uwezo wake umeishia hapo.

Hatua ya 3: nani anaoga saa ngapi

Hapa ni fupi. Andika asubuhi ya kawaida ya nyumba yenu ilivyo. Kama mnaoga mmoja baada ya mwingine, hita isiyo na tanki ni tamu sana, mtu wa sita anapata maji ya moto kama wa kwanza. Kama mnaoga watatu kwa mpigo kila mtu na bafu lake, tanki lina nguvu kuliko hita ndogo, kwa sababu tanki linagawa joto lililokusanywa mapema na hita ya papo hapo inagawa ile tu inayoweza kuzalisha dakika hiyo. Tanki la lita 80 likiwa na digrii 60 ukichanganya na maji ya digrii 20 linatoa kwa nadharia lita 160 za kuogea, ila maji ya baridi yanayoingia yanalipunguza kabla hujafika huko, kwa hiyo kwa shawa ya lita 8 kwa dakika, kila mtu akioga dakika 8, wawili wanaoga bila wasiwasi na wa tatu anaanza kulalamika. Alafu linasubiri karibu saa mbili na nusu na koili ya kilowati 1.5 kupasha tena maji yote. Kama hiyo kusubiri ndo kero yenu hasa, basi unajua unanunua nini: unanunua kutosubiri, sio bili ndogo. Ni sababu halali kabisa, ila ijue kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: umeme wako unabeba?

Chukua wati gawanya kwa volti. Kwenye umeme wa volti 230, kilowati 3.5 ni kama ampea 15, kilowati 5.5 ni ampea 24, kilowati 7.5 ni karibu ampea 33, kilowati 10.5 ni karibu 46. Sasa fungua boksi la breka uangalie breka kuu imeandikwa ampea ngapi. Kama nyumba nzima ina 40 alafu unataka kuweka hita ya 33, siku mtu anaoga na mwingine amewasha oveni na pasi, giza. Kuongezewa uwezo kutoka kampuni ya umeme kunaweza kugharimu zaidi ya hita yenyewe, kwa hiyo ulizia hilo kwanza, sio baada ya kununua.

Waya lazima utoke kwenye boksi moja kwa moja hadi kwenye hita, peke yake, na breka yake. Usikubali kabisa fundi anaekwambia "tutachukua hapa kwenye soketi" au kwenye waya wa tanki la zamani, maana tanki la kilowati 1.5 linavuta kama ampea 7 tu na huenda lilivutiwa waya mwembamba, na we unataka kuupitishia karibu mara nne. Kwa kawaida kilowati 5.5 inataka waya wa shaba wa milimita za mraba 4 na 7.5 inataka 6, umbali ukiwa mrefu au waya ukipita sehemu yenye joto unapanda saizi. Waya ukiwa mwembamba haukatiki siku ya kwanza, unapata moto taratibu ndani ya ukuta miezi na miezi, na huo ndo unaounguza nyumba.

Ethi, yani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Bila ethi inayofanya kazi usiweke hita ya umeme bafuni, narudia, usiweke. Pamoja na ethi weka breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30, na swichi inayokata nyaya zote mbili, iliyo mbali na maji. Hizi shawa za umeme nyingi koili yake imekaa uchi ndani ya maji unayojimwagia, na maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi ya maji matamu, kwa hiyo kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi tafuta modeli iliyoandikwa kabisa kuwa ni ya maji ya chumvi, au yenye koili iliyofunikwa. Ukihisi mtekenyo wowote ukigusa bomba, zima, toka, ita fundi umeme. Usivae ndala ukaendelea kuoga.

Kitu kingine ni umeme kukatika. Tanki lililojaa maji ya moto linakupa kuoga hata saa kadhaa baada ya umeme kwenda, hita ya papo hapo inakuwa baridi sekunde hiyohiyo. Na inveta ndogo ya sola ya nyumbani haitabeba kilowati 7, wenye sola mara nyingi wanafaidi zaidi na tanki linalopashwa mchana jua likiwepo.

Hatua ya 5: presha ya maji

Kama maji yako yanashuka kutoka tangi la juu ya paa, pima kimo toka usawa wa maji kwenye tangi hadi kwenye shawa. Kila mita 1 ni kama baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha). Tangi likiwa mita 2 juu ya shawa una baa 0.2 tu, na hapo hita nyingi zinasita. Kibandiko cha hita kinaandika presha ya chini inayoitaka, kisome kabla ya kulipa. Zaidi ya presha kuna kiwango cha chini cha maji cha kuiwasha, mara nyingi kama lita 2 au 2.5 kwa dakika, ukifungua chini ya hapo haiwaki kabisa, ndo maana mtu anafungua kidogo kunawa mikono anapata baridi tu. Ukihitaji pampu, inakaa upande wa maji baridi kabla ya hita, na gharama yake iingie kwenye hesabu.

Na usitegemee maji ya moto yatoke papo hapo bombani. Hita inawaka papo hapo, sawa, lakini maji yaliyolala kwenye bomba lazima yatoke kwanza. Mita 10 za bomba la milimita 15 zina kama lita moja na nusu. Hita ikiwa upande wa pili wa nyumba utasubiri kama zamani. Isogeze karibu na bafu linalotumika sana, au weka ndogo 2 badala ya kubwa 1.

Hatua ya 6: vipi gesi?

Ukishaona unahitaji kilowati 15 kwenda juu, gesi ndo inakuja mezani. Kulinganisha bei nakupa kipimo rahisi: kilo 1 ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu yuniti 12.8, hita ikipoteza kiasi chake unabaki na kama 10.5. Kwa hiyo chukua bei ya kilo 1 ya gesi linganisha na bei ya yuniti 10 na nusu za umeme unakoishi. Ya chini imeshinda. Kuoga kwa lita 50 ukipandisha digrii 20 kunakula yuniti 1.16 za joto, kilo moja inaogesha mara 9 hivi.

Hita ya lita 10 kwa dakika inakunywa zaidi ya kilo moja na nusu kwa saa ikiwa wazi kabisa, na mtungi mdogo hauwezi kutoa gesi kwa kasi hiyo muda mrefu, unapoa, unatoa jasho, hata barafu kwa nje, moto unadhoofika ukiwa na sabuni kichwani. Mtungi mkubwa au miwili pamoja, na regyuleta yenye kilo kwa saa zinazotosha, ile ya jiko la kawaida inaweza isifae. Na lita zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni kwa kupandisha digrii 25, sio kwa digrii zako za hatua ya 2, rudi kwenye fomula.

Sasa usalama, na hapa naomba usisome harakaharaka. Gesi ikiungua vibaya au mahali pasipo na hewa inatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, inaua watu wakiwa wanaoga na wakiwa wamelala. Hita ya gesi inayovuta hewa ya chumbani haikai bafuni. Haikai chumbani kwa kulala. Inakaa nje kwenye ukuta kama ni modeli ya nje, au ndani ikiwa na bomba la moshi linalotoka nje kabisa, sio kwenye dari. Usiseme dirisha lipo, maana siku ya baridi dirisha linafungwa na siku hiyohiyo ndo hita inawaka muda mrefu zaidi. Nunua kengele ya kaboni monoksidi uiweke karibu na vyumba vya kulala. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu wakati hita inafanya kazi, toka nje na wote, usisubiri kuhakikisha. Moto wa hita unatakiwa uwe wa bluu, ukigeuka njano na masizi, zima hadi fundi aisafishe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kwa hiyo mtungi usikae kwenye shimo wala chumba cha chini. Maungio yote yapakwe maji ya sabuni, yakitoa mapovu gesi inavuja.

Kama huwezi kutimiza hayo yote, jibu la gesi ni hapana. Bei haibadilishi hilo.

Hatua ya 7: jaribu kutibu tanki kwanza

Kabla ya kuamua, tumia wiki mbili tatu kwenye tanki ulilonalo. Weka taima liwake kabla ya kuoga tu, funga sponji ya kuzuia joto lisitoke kwenye mabomba yanayotoka tankini, tengeneza bomba la moto linalodondosha. Thamosteti ikiwa 75 ishushe hadi 60, usiende chini ya hapo kwa sababu bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanazaliana vizuri kati ya digrii 20 na 45. Ila digrii 60 inaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, mtoto kwa haraka zaidi, kwa hiyo kwenye watoto na wazee valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi ni lazima. Rudia kipimo cha hatua ya 1. Nyumba nyingi hapa ndo zinamaliza safari, kero imekwisha na hela iko mfukoni. Na kama lengo lako ni bili tu, uliza pia bei ya sola ya maji au hita ya pampu ya joto, ambayo kwa yuniti 1 ya umeme inaweza kutoa joto la yuniti 2 au 3, hita ya papo hapo haiwezi hilo hata siku moja.

Hatua ya 8: hesabu ya mwisho na kufunga

Jumlisha vyote: hita, waya, breka, kazi ya fundi, pampu, bomba la moshi kama ni gesi. Gawanya kwa akiba ya mwezi upate miezi, alafu gawanya kwa 12 upate miaka. Ukipata miaka 4 au 5, vizuri, kwa sababu hita hizi zikitunzwa zinaweza kupita miaka 20 wakati tanki ni 10 hadi 15. Ukipata miaka 18, basi ama unahama kwa ajili ya nafasi na kutosubiri, ama huhami. Kama tanki limeshatoboka hesabu inabadilika, toa bei ya tanki jipya ambalo ungelinunua hata hivyo, mara nyingi hapo ndo hita inashinda.

Ukifunga, sukuma maji kwenye mabomba kwanza yatoe mchanga kabla ya kuunganisha. Weka valvu upande wa kuingia na wa kutoka ili siku ya kusafisha chokaa usingoe kitu. Fungua maji hadi hewa yote iishe ndo uwashe umeme, koili ikiwaka kavu inaungua hapohapo na warantii hawalipi. Kama hita imeandikwa ni ya mdomo wazi, yani maji yanatakiwa yatoke bila kuzuiwa mbele yake, usiweke valvu wala bomba la kufunga upande wa kutoka. Maji yenye chokaa yanaziba hita hizi haraka kuliko tanki, kwa hiyo mara moja kwa mwaka zungusha maji yenye asidi ya sitriki kwa pampu ndogo na ndoo karibu saa nzima, alafu suuza sana, na chujio la pale maji yanapoingia kwenye hita lifue kila maji yakianza kupungua.

Tanki la zamani, kama halivuji, limwage likauke na uliache palepale na valvu zake zimefungwa hadi msimu wa baridi upite, maana hapo ndo utajua kama namba zako za hatua ya 2 zilikuwa za kweli.